Wanafunzi wanaukumbuka ulimwengu pepe, somo hawalikumbuki. Tuboreshe wapi?

#1 MwalimuKemia
Wadau, habari za jioni. Nafundisha kemia sekondari. Muhula uliopita niliingiza madarasa mawili kwenye maabara pepe, ya ndani ya kompyuta, niliyoijenga mwenyewe kwa majuma matatu: jengo la ghorofa mbili, meza, bureti (ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea kimiminika), chupa za kemikali, kila mwanafunzi na avata yake, yaani kikaragosi kinachomwakilisha humo ndani. Siku ya kwanza kengele ililia na hakuna aliyetaka kuinuka.

Baada ya wiki mbili nikawapa jaribio la titresheni, yaani kudondoshea besi kwenye asidi mpaka rangi ibadilike. Swali la nne liliuliza kwa nini rangi hubadilika ghafla kwenye tone la mwisho badala ya kubadilika polepole. Kijana mmoja akajaza ukurasa mzima: rangi ya milango, ngazi ya nyuma ambayo ukiikanyaga vibaya unatokea ndani ya ukuta, namna mwenzake alivyoruka kutoka juu ya paa. Mwishoni kabisa, kuhusu tone, ameandika neno moja: "sikumbuki."

Sitaki kuacha, nataka kuboresha. Tatizo liko kwenye jengo, kwenye vifaa, kwenye somo, au kwangu?

#2 FundiPikseli
Mwalimu, pole na hongera. Mimi naanza na jengo. Naweka dau kwamba maabara yako ni nzito na mashine za shule zilikuwa zinakwama. Mtoto akigeuza kichwa, picha inamfuata nusu sekunde baadaye. Hapo akili yote inaishia kupigana na mashine, kemia inapita pembeni.

Angalia picha unazovisha vitu vyako. Picha ya pikseli 2048 kwa 2048, isipobanwa, inakula takribani megabaiti 16 za kumbukumbu. Chupa moja! Ukiwa na chupa hamsini na kila moja ina picha yake, umeshafika megabaiti 800 kabla hujaweka meza. Picha ya 256 kwa 256 inakula kilobaiti 256 tu, yaani mara 64 pungufu, na kwa chupa inayoonekana kwa mbali hakuna jicho litakaloona tofauti. Chupa zote zivae picha moja, ubadilishe lebo tu. Vitu vilivyo chumba kingine visipakiwe mpaka mtu aingie. Fanya hivyo kwanza, halafu ndiyo tuongee ufundishaji.

#3 Kibodi
Mkuu FundiPikseli nakuheshimu lakini hapa nakupinga. Ingekuwa ni michoro, mchezo wa Minecraft usingefundisha mtu kitu, maana dunia nzima ni matofali. Microsoft waliitengeneza ya shule wakijua watoto hawahitaji urembo, wanahitaji KAZI.

Mwalimu, mwanafunzi wako alikuwa na kazi gani humo ndani? Siulizi alikuwa anaangalia nini, nauliza alikuwa anatafuta nini. River City ya Chris Dede na wenzake wa Harvard ni mfano mzuri. Mji wa kubuni wa karne ya 19, watu wanaumwa, na hakuna anayejua sababu. Wanafunzi wanatembea, wanauliza wakazi, wanapima maji, wanahesabu mbu, wanaunda dhana yao, wanaijaribu kwa kubadilisha kitu kimoja, kisha wanamwandikia meya barua ya kumshauri. Magonjwa yamechanganyikana: mengine ya maji, mengine ya hewa, mengine ya wadudu. Huwezi kuandika ile barua kwa kukumbuka rangi ya milango.

#4 MkongweWaMatini
Nakazia #3, na narudi nyuma zaidi. Zamani kulikuwa na dunia zisizo na picha hata moja. MUD, mchezo wa wachezaji wengi wa Trubshaw na Bartle pale Chuo Kikuu cha Essex, 1978, ilikuwa maneno matupu, ya aina hii: "uko kwenye njia nyembamba, kaskazini kuna msitu." Baadaye kwenye miaka ya 1990 Amy Bruckman akajenga MOOSE Crossing, dunia ya maandishi kwa ajili ya watoto. Humo mtoto hakuwa mgeni wa kutembezwa. Alikuwa anaandika programu ya kuumba vitu: mnyama anayejibu ukimsemesha, chumba chenye siri. Walijifunza kuandika na kupanga programu kwa sababu bila hivyo dunia yao ingebaki tupu.

Mwalimu, majuma yale matatu ya kujenga maabara, aliyejifunza ni wewe. Wangejenga wao.

#5 Chereko
Mkongwe bwana, uzi wowote ukifunguliwa humu, hata uwe wa jana, lazima utupitishe 1978 😄

#6 MwalimuJiografia
Nimecheka. Ila Kibodi, sahihisho dogo kwenye #3. Minecraft ya shule haikuanzia Microsoft. Ilianza 2011 kama MinecraftEdu, ikitengenezwa na kampuni ndogo ya TeacherGaming iliyokuwa na walimu ndani yake. Microsoft waliinunua 2016, wakatoa toleo lao mwaka uleule. Nasema hivi kwa sababu vile vitu ambavyo walimu tunavipenda, kama matofali ya kuzuia mwanafunzi asijenge au asivunje sehemu fulani, vilitokana na walimu waliokuwa wanalia darasani kama mtoa mada.

#7 Kibodi
Asante dada, nimerekebishika. Hoja yangu inabaki palepale.

#8 NahodhaWaSeva
Wote mnaongea juu ya chumba, mimi nawauliza: nyumba ni ya nani?

Mwaka 2007 Second Life, ulimwengu pepe wa mtandaoni, ilipoanza, vyuo vikuu vilikimbilia kununua visiwa. Kila kisiwa kilikuwa mita 256 kwa 256, wakajenga maktaba, kumbi, makumbusho. Halafu kampuni ikaondoa punguzo la nusu bei kwa taasisi za elimu kuanzia Januari 2011, na visiwa vingi vikafungwa. Punguzo lilirudishwa 2013, lakini waliohama hawakurudi kirahisi. Jukwaa jingine, AltspaceVR, lilizimwa Machi 2023. Mozilla wakafunga huduma yao ya vyumba pepe, Hubs, Mei 2024, ila hao angalau walikuwa wameweka msimbo wazi, na jamii inaendelea nao.

Mimi binafsi nilipoteza miaka miwili ya kazi kwenye jukwaa moja, silitaji. Nilikuwa na mji mzima wa kufundishia historia, wenye sauti za wahusika nilizorekodi na wanafunzi. Tangazo lilikuja kwa barua pepe, siku tisini, na njia pekee ya kutoa kitu ilikuwa kupiga picha za skrini. Wanafunzi wale wameshamaliza shule, sauti zao sina.

Kwa hiyo kabla hujaboresha kitu chochote, boresha hili: uweze kuihamisha. Tumia kitu cha chanzo huria unachoweza kuweka kwenye seva yako. OpenSimulator inakuruhusu kuhifadhi eneo zima kwenye faili moja la OAR, unaliweka kwenye diski mfukoni. Modeli zako zihifadhi kwa glTF, aina ya faili iliyo wazi kwa programu nyingi, zitafunguka mahali pengine.

#9 MkongweWaMatini
Nahodha, pole sana kwa sauti za watoto. Ila Second Life ilifunguliwa Juni 2003. Mwaka 2007 ni wakati ule wa homa, kila chuo kinataka kisiwa. OpenSimulator ndiyo ilianza 2007.

#10 NahodhaWaSeva
Sawa kabisa Mkongwe, nimezichanganya hizo mbili.

#11 MiwaniMbili
Nashangaa mmefika posti ya kumi hamjauliza: hao watoto walivaa miwani ya uhalisia pepe au walikuwa wanakodolea skrini? Kama ni skrini, jibu mnalo. Mtoto hajaingia popote, anasukuma kikaragosi kwa vidole. Ukimvalisha miwani akaishika ile bureti kwa mkono wake, akainama kusoma kipimo, mwili wenyewe unakumbuka.

#12 MtafitiMdogo
MiwaniMbili, ngoja kidogo. Makransky, Terkildsen na Mayer walichapisha utafiti 2019 wa jambo hilihili. Maabara pepe ileile, kwenye skrini ya kawaida na kwenye miwani. Waliovaa miwani walijihisi wamo ndani zaidi, lakini walijifunza PUNGUFU. Walipima hata mawimbi ya ubongo, yakaonyesha kwamba ubongo wa mwenye miwani umebebeshwa mzigo kuliko unavyoweza kutumia.

Mwaka uliotangulia Parong na Mayer walilinganisha somo la baiolojia kwenye miwani na slaidi za kawaida. Wa slaidi walipata alama za juu, ingawa wa miwani ndio waliofurahi zaidi. Lakini soma sehemu ya pili ya utafiti wao, watu wengi huiruka. Walilikata somo la miwani vipandevipande, na kila baada ya kipande mwanafunzi anasimama na kuandika muhtasari kwa maneno yake. Waliofanya hivyo walijifunza vizuri kuliko waliopitia somo la miwani moja kwa moja.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Furaha ya siku ya kwanza ya MwalimuKemia ilikuwa ya upya.

#13 MiwaniMbili
Tafiti hizo nazijua, MtafitiMdogo, na sizikatai. Lakini waliuliza maswali ya kujibiwa kwenye karatasi. Mwenye kujifunza kuzima moto, kumhudumia mgonjwa au kuelewa namna moyo ulivyokaa kifuani, utampima kwa karatasi? Kitu chenye umbo na nafasi, miwani ina haki yake.

Kichefuchefu nakubali ni tatizo. Macho yanasema unatembea, sikio la ndani linasema umekaa. Dawa zake zipo: picha zisishuke chini ya 72 hadi 90 kwa sekunde, mtumiaji aruke kutoka kituo hadi kituo badala ya kuteleza, vipindi viwe vifupi. Mimi sizidishi dakika kumi na tano.

#14 MamaWawili
Nipo nasoma kimya, naomba kuingia kidogo kama mzazi. Binti yangu wa miaka kumi na mbili aligoma kuingia kwenye darasa la aina hii. Nilidhani ni uvivu. Nilipokaa naye nikaona: wenzake walikuwa wanasimamisha avata zao mbele ya yake, wanambana kwenye kona, hawezi kupita, na mwalimu yuko chumba kingine haoni. Hakuna tusi lililosemwa, kwa hiyo hakuna kilichorekodiwa. Walimu, mnapojenga mnaliona hili?

#15 NahodhaWaSeva
Mama, pole kwa binti. Kwenye seva nyingi kuna njia ya kufanya avata zipitiane, zisizuiane. Ni mstari mmoja wa mpangilio. Vilevile mpe kila mwanafunzi kitufe cha kurudi mwanzo na duara la kujikinga ambalo asiyeruhusiwa hawezi kuliingia. Na mwalimu awe na uwezo wa kuona vyumba vyote kwa juu.

#16 MamaWawili
Mstari mmoja tu? Na mwaka mzima hakuna aliyeuweka. Asante ndugu, nitawapelekea.

#17 Sikio
Salaam. Mimi sioni, nasoma uzi huu kwa kisoma skrini, programu inayonisomea kwa sauti. Nimesomea kozi mbili kwenye ulimwengu pepe, na nawaeleza unavyokuwa kwangu.

Naingia. Kisoma skrini kinasema: "kitu." Nasogea. "Kitu." Nasogea tena. "Kitu, kitu, mlango, kitu." Aliyejenga hakuvipa vitu majina, ameacha lile jina linalojiweka lenyewe. Wenzangu wanasema "waa, tazama dari lile." Kwangu dari ni kitu.

Kozi ya pili ilikuwa tofauti, kwa sababu ya vitu viwili. Nilitumia Radegast, programu ya kuingilia Second Life na OpenSimulator ambayo ni ya maandishi, haihitaji michoro. Na mwalimu alikuwa ameandika jina na maelezo ya mstari mmoja kwa kila kitu cha maana: "mizani, sahani ya kushoto imeshuka." Siku ile nilikuwa wa kwanza kwenye kikundi kusema kwamba kuna uzito umesahaulika upande wa kulia. Wenzangu wanaoona walikuwa wanaangalia dari.

MkongweWaMatini, dunia zako za maneno mimi ningeishi humo.

#18 MkongweWaMatini
Sikio, umenigusa. Zipo bado, karibu sana.

#19 MwalimuKemia
Wadau, nilikuwa darasani. Najibu kwa pamoja. Ni skrini, hatukuwa na miwani. Wanafunzi 36, kompyuta 18, kwa hiyo wawili wawili: mmoja anashika kipanya, mwingine ana karatasi ya kujaza vipimo. Ndiyo, zilikuwa zinakwama, FundiPikseli umepatia. Na Kibodi umenichoma, maana kazi niliyowapa ilikuwa "fuata hatua 1 hadi 12."

Ila uzi huu umenifanya nirudi kwenye makaratasi jana usiku, nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Nimegawa majibu ya swali la nne kati ya walioshika kipanya na walioshika karatasi. WA KARATASI WALIFANYA VIZURI ZAIDI. Tena si kidogo. Yule kijana wa milango na paa alikuwa wa kipanya. Mwenzake aliyekaa pembeni ameandika sentensi mbili zilizo sahihi kabisa.

Nifafanulieni hili.

#20 Kibodi
Si ndiyo hayo ninayosema! Wa karatasi alikuwa na kazi. Alikuwa anasubiri namba. Anayesubiri namba anaangalia bureti, asiyesubiri kitu anaangalia mlango.

#21 FundiPikseli
Hapana ndugu yangu. Wa kipanya ndiye aliyekuwa anapambana na mashine inayokwama. Wa karatasi mashine ikikwama yeye anapumzika, anafikiri. Punguza uzito wa jengo uone kama tofauti haitapotea.

#22 MtafitiMdogo
Kuna la tatu: kuandika. Wa karatasi alikuwa anasimama kila hatua na kuandika, sawa na wale wa muhtasari niliowataja #12. Na kuna la nne ambalo hatuwezi kulikwepa. Mwalimu, nani aliamua nani ashike kipanya?

#23 MwalimuKemia
Hakuna aliyeamua. Aliyewahi kiti.

#24 MtafitiMdogo
Basi huenda wenye haraka ya kuwahi kipanya ni wale wale wenye haraka kila mahali, na wapole waliobaki na karatasi wangefanya vizuri hata bila kompyuta. Hatujui. Wabadilishane katikati ya kipindi, na orodha uipange wewe kwa kura.

#25 MiwaniMbili
Na mimi nalitupa la tano: wa kipanya ALIJIFUNZA. Alijifunza jengo. Muulize ngazi, milango, njia ya kufika paani, atakuchorea ramani bila kukosea. Uwezo wake wa kukumbuka ulifanya kazi barabara, ila wewe uliuweka kwenye ngazi badala ya kuuweka kwenye bureti. Kama lile tone lingekuwa ndilo linalofungua mlango, angelikumbuka mpaka uzee.

#26 Kibodi
#25 hapo umenena. Leo tumekubaliana, nitaiwekea tarehe.

#27 Chereko
Mimi nina swali la pembeni wakuu. Kwa nini tunaita "pepe"? Kwetu sisi tulioshika kamusi, pepe ni ile punje tupu ya nafaka isiyo na kiini, ukipeta inaruka. Tunawaambia watoto waingie kwenye ulimwengu usio na kiini halafu tunashangaa wanatoka bila kiini!

#28 MkongweWaMatini
Chereko leo umeleta kitu. Wapo wanaosema "dhahania" au "ulimwengu wa kidijitali." Mimi "dhahania" naiona inafaa zaidi, kitu kilichomo akilini.

#29 MwalimuJiografia
"Barua pepe" ilishazoeleka, na barua hizo zina kiini, Nahodha ni shahidi. Pepe hiyo watu wanaisikia kama ya upepo, kitu kinachopita hewani. Neno tuliache lilivyo, tulijaze.

Lakini Chereko amenikumbusha kisa changu. Nilikuwa nafundisha mito kwenye ile dunia ya matofali. Nikawapa wanafunzi mlima, wachimbe mfereji wa kuteremsha maji hadi shambani. Binti mmoja akaja mezani kwangu amekunja uso. "Mwalimu, maji haya ni ya uongo." Nikamuuliza kwa nini. Akanionyesha: kwenye ardhi tambarare maji yanatiririka matofali saba kisha yanasimama, yamekatika kama kwa kisu. Halafu akachota ndoo mbili, akazimwaga kwenye shimo la matofali manne, ndoo kila pembe inayokabiliana, na shimo likawa kisima kisichoisha. Anachota, kinajaa. Anachota, kinajaa.

Nilikuwa nimeandaa somo la mmomonyoko. Nikalifunga daftari. Nikawaambia darasa zima: mna nusu saa, nitafutieni kila mahali dunia hii inapodanganya, na kila uongo mnieleze ukweli ukoje. Walirudi na mti uliokatwa shina na matawi yakabaki yanaelea. Mchanga unaanguka, jiwe halianguki. Mto haubebi udongo hata chembe, kingo zake ni zilezile milele. Hilo la kingo lilisemwa na kijana ambaye tangu mwaka uanze hakuwahi kunyoosha mkono, na ndilo lilikuwa somo langu la mmomonyoko.

Tangu siku hiyo siiombi programu iwe kamilifu. Naomba makosa yake niyajue kabla ya kuingia.

#30 MtafitiMdogo
Dada, nimesoma mara mbili. Nitakuibia hii kwa idhini yako.

#31 FundiPikseli
Ni kisa kizuri kweli, ila tahadhari. Uongo wa maji unaonekana kwa macho. Kuna uongo wa programu nyingine za kuigiza uhalisia ambao mwanafunzi hana namna ya kuugundua, na ataondoka nao. Kwa hiyo "dunia idanganye tu tutagundua" si ruhusa ya kujenga hovyo.

#32 MwalimuJiografia
Sikusema hovyo, mkuu. Nimesema niyajue. Yale yasiyoonekana mwalimu ayataje mwenyewe.

#33 MwalimuKemia
Nimekaa na #29 siku nzima. Maabara yangu ina uongo mmoja mkubwa na niliuweka mimi kwa nia njema: bureti yangu haikosei. Kiwango cha kimiminika hutua juu ya mstari sawasawa, hakuna cha kukadiria kati ya mistari miwili, na ukikaribia mwisho programu inapunguza kasi yenyewe ili mwanafunzi asipitilize. Nilimwondolea kazi ya mkono na ya jicho pale pale ambapo somo lilikuwa. Akabaki na kubonyeza. Nani angekumbuka kubonyeza?

Ninachofanya wiki hii: jengo lote nalivunja, nabakiza chumba kimoja na meza moja. Picha nazipunguza kama alivyosema FundiPikseli. Bureti inaweza kupitiliza, na ukipitiliza unaanza upya. Kila chupa ina jina na maelezo (Sikio, asante). Avata zinapitiana. Kipanya na karatasi vinabadilishwa katikati, kwa orodha ya kura. Nakala ya kila kitu naiweka kwenye diski.

#34 NahodhaWaSeva
Diski mbili, mwalimu. Ziweke nyumba mbili tofauti.

#35 MiwaniMbili
Umebadilisha mambo saba kwa mpigo. Wakifaulu, tutajuaje lipi limefaulisha? Uzi utaanza upya.

#36 MwalimuKemia
Muhula huu nina darasa moja tu, ndugu yangu. Siwezi kuwafundisha nusu yao kwa bureti mbovu makusudi.

#37 Sikio
Mwalimu, nimefurahi kusikia chupa zina majina. Swali moja. Somo lako zima limesimama kwenye rangi kubadilika ghafla. Mimi nikiwa mezani kwako, nitajuaje kwamba imebadilika?

#38 MwalimuKemia
Sikio, sikuwa nimeliwaza. Nimeandika "rangi" kila mahali.

#39 Chereko
Weka kengele: rangi ikibadilika, iite.

#40 Sikio
Kengele itaniambia kwamba imetokea. Haitaniambia kwa nini ni ghafla, na hilo ndilo swali lako la nne.

#41 FundiPikseli
Ngojeni. Tusiifunge sauti kwenye rangi, tuifunge kwenye pH yenyewe, kile kipimo cha asidi na besi. Mlio mwembamba unaoendelea, pH ikipanda na mlio unapanda. Ni rahisi kuliko kuchora, hata mashine mbovu itaweza. Mwalimu, nipe namba.

#42 MwalimuKemia
Asidi kali mililita 25 ya moli 0.1 kwa lita, besi kali ya kiwango hichohicho. Inaanza pH 1. Ukishamwaga besi mililita 20 bado hujafika hata 2 kamili. Inapanda polepole mno. Tone moja kabla ya kukamilika iko 4. Tone moja baada ya kukamilika iko 10. Tone ni kama mililita 0.05.

Yaani mlio utakuwa unatambaa dakika zote hizo, halafu ndani ya matone mawili unaruka. Sikio, utausikia mruko wenyewe. Wanaoona huwa wanauona mwisho wake tu.

#43 FundiPikseli
Nimeshaandika. Ni mistari kumi na nne. Nimeijaribu sasa hivi kwa spika ya kompyuta, na nilipofika mililita 24.95 nikaacha kupumua.

#44 Sikio
Itume niisikilize kabla ya darasa.